Mwaka Nilipokata Bawa

Colin alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na watu sita au saba walikuwa wamemzunguka katika sebule ya marehemu Mzee Jayanti kule Stanmore, London. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemsindikiza mzee safari yake ya mwisho. Viatu vyetu vilipangwa mlangoni, viti vilisukumwa ukutani, shuka nyeupe zikatandikwa sakafuni, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya bizari na samli. Colin alikuwa anawasimulia wajukuu wa mzee habari za ile ndege. Akafika kwenye bawa la chini, upande wa kushoto. "Basi siku mbili kabla ya wageni kuja," akasema, "kitambaa kikachanika. Bahati mbaya tu. Ikabidi tuanze upya." Wajukuu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na dirisha na sahani ya kichri, wali uliopikwa na dengu, magotini. Nikaweka kijiko chini. "Hakikuchanika, Colin," nikamwambia. "Nilikikata. Kwa makasi, kutoka mwanzo wa bawa hadi mwisho, na wewe ulikuwa umesimama pale pale."

Najua mwanamke wa umri wangu, aliyepita miaka sitini, anatarajiwa kuwa mpole matangani, ampe mwenzake nafasi ya kukumbuka anavyotaka. Nimekuwa mpole mahali pengi katika nchi hii, na sehemu kubwa ya upole huo naujutia. Hansa, binti mkubwa wa mzee, aliyekuwa akipita na birika, akasimama akaniangalia, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha utotoni Nairobi, "Nyambura, sema yote. Baba alipenda sana hiyo maneno." Colin akatazama ndani ya kikombe chake. Hakubisha. Basi niliwasimulia wale vijana kwa robo saa, wao wakiniuliza maswali kwa Kiingereza na mimi nikiwajibu nusu kwa nusu. Hapa nitachukua muda wangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa mfagiaji. Nilisafisha chuo kimoja cha ufundi pale Woolwich, nikiajiriwa na kampuni ya usafi ambayo wakubwa wake niliwaona mara mbili tu: siku waliponipa fulana ya kijani na siku waliponinyang'anya. Nililala Thamesmead kwa Peris, binti wa mama yangu mdogo, katika ghorofa ya nne ya jengo la zege ambalo upepo wa mtoni uliligonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Peris alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha, na alikuwa ameshanipangia maisha: nifagie mwaka mmoja, nipate barua nzuri ya mwajiri, niingie chuo cha uuguzi. Fomu za uuguzi alizibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji, nizione kila nikichukua maziwa. Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege akiwa na koti la ziada mkononi. Lakini hakuna hata siku moja aliyoniuliza nilikuwa najua kufanya nini.

Nilikuwa najua kushona turubai. Nakuru nilifanya kazi miaka sita katika duka la kushona maturubai ya malori na mahema ya harusi, na mtu aliyeshona maturubai ya malori anajua jambo moja kuliko fundi wa nguo yeyote: anajua upepo unafanya nini kwa kitambaa. Turubai lililoshonwa vibaya pale mjini likifika Gilgil limeshapasuka vipande vipande. Dereva anarudi nalo analitupa mlangoni, na wewe unalifungua sakafuni na kutafuta mshono uliokuangusha. Mimi nilisoma kwa njia hiyo. Sina cheti.

Karakana ya chuo ilikuwa mwisho wa ua, jengo refu la matofali lenye paa la vioo, na mle ndani ndimo walimojenga ndege. Siku ya kwanza nilidhani ni kitanda kikubwa cha mbao, au banda la kuku. Ilikuwa fremu tupu: mabawa mawili, moja juu ya lingine kama ghorofa, yameunganishwa kwa nguzo nyembamba na nyaya nyingi zilizokatiza huku na huko. Mbele kulikuwa na bawa dogo la kuinua pua, nyuma kulikuwa na mkia uliobebwa na miti minne myembamba, na katikati kabisa, ukingoni mwa bawa la chini, kulikuwa na kiti cha mbao kisichokuwa na ukuta wala kioo. Hapo ndipo rubani angekaa, miguu yake ikining'inia hewani. Injini ingefungwa nyuma ya mgongo wake pamoja na pangaboi lake la mbao, iisukume ndege badala ya kuivuta. Ndivyo zilivyokuwa nyingi za ndege za mwanzo kabisa, kabla watu hawajakubaliana injini ikae wapi. Colin, mwalimu wa useremala, ndiye aliyekuwa msimamizi, na chini yake walikuwapo wazee wachache wa kujitolea, wengi wao wastaafu. Aliyeichora alikuwa Mzee Jayanti.

Mzee alikuwa mtu mfupi mwenye sweta la kahawia na penseli mbili sikioni. Alizaliwa Nairobi, akafanya kazi ya kuchora michoro ya mabehewa katika karakana ya reli hadi alipohamia Uingereza, na kila asubuhi alisafiri kutoka Stanmore, kaskazini kabisa ya jiji, hadi Woolwich kusini mwa mto, treni mbili na basi, ili achore ndege bila malipo. Hakuwa na mchoro wa kunakili. Alikuwa na picha za zamani tu, na kwa picha hizo alipima urefu wa mtu aliyesimama karibu na bawa akakisia urefu wa bawa. Nilimkuta siku moja amepiga magoti juu ya karatasi kubwa kuliko godoro. Nikafagia nikiizunguka. Mezani walikuwa wamenyoosha kipande cha kitani juu ya fremu ya majaribio, wakakiunga katikati kwa mshono mmoja mwepesi kama wa pazia. Nikakipitisha kidole, nikajisemea kwa Kiswahili, "Hii itapasuka kabla ya kufika Gilgil."

Mzee hakuinua kichwa. "Gilgil iko mbali gani kutoka hapa?" akauliza.

Nilisimamisha fagio. Nilikuwa nimekaa London miezi minane, na mtu wa kwanza kazini kunijibu kwa lugha yangu alikuwa Mhindi mzee aliyepiga magoti sakafuni.

"Wewe nashona?" akauliza.

"Nilishona maturubai, mzee. Nakuru."

"Ya lori?"

"Ya lori, na mahema."

Akasimama taratibu akishika goti, akanipa kile kitambaa. "Basi onyesha mimi."

Nikamwonyesha. Nilikunja kingo mbili moja ndani ya nyingine, nikapitisha mishono miwili sambamba, karibu karibu. Akaivuta kwa mikono yote miwili, akaipeleka kwenye mwanga wa paa, akaivuta tena. Tangu siku ile, saa yangu ya chakula cha mchana ilikuwa ya bawa. Tulikula hapo hapo kwenye benchi la useremala. Yeye alifungua sufuria zake za ghorofa tatu: chapati za viungo alizoziita thepla, viazi vya bizari, achari ya embe iliyonitoa machozi. Mimi nilileta chapati na ndengu za jana kutoka kwa Peris. Tulibadilishana bila kuulizana. Huku tukila alinifundisha: hizi ni mbavu za bawa, huu ndio mti mkuu unaobeba mzigo, hapa kitambaa lazima kishonwe kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu inayotoboa bawa toka juu hadi chini. "Angalia tumbo ya bawa," alisema. "Hapana sawa. Imeingia ndani kama kijiko. Kitambaa nataka kunyooka, nataka kutoka kwa mbavu. Uzi nasema hapana." Nilimwelewa mara moja. Ilikuwa lori lile lile.

Wale wazee wa kujitolea nao walizoea. Tulikunja mbao kwa mvuke wa birika la chai, na kila mtu alilalamika kwamba chai ina ladha ya mbao, na hakuna aliyeacha kuinywa. Lakini nilisikia pia yaliyosemwa nilipokuwa nyuma ya kabati nikisuuza ndoo. "Msichana wa usafi ana mikono mizuri," mmoja alisema. Colin akajibu, "Ana mikono mizuri, ila hayumo kwenye orodha. Akijidunga sindano nitasema nini?" Hakusema kwa ubaya. Colin hakuwa mtu mbaya, na alikuwa seremala hodari ambaye angeweza kuchonga ubavu wa bawa akiwa anazungumza nawe. Lakini kuna watu wanaoweza kukutumia mwaka mzima bila kukuandika popote, na wakaona hilo ni jambo la makaratasi tu. Kulikuwa na daftari la ujenzi lenye jalada jekundu, ambamo kila sehemu ya ndege ilikuwa na jina la aliyeitengeneza na sahihi yake. Mishono yangu yote iliandikwa jina la Colin.

Mwezi wa pili tangu tuanze mabawa, Mzee Jayanti alikwenda kupasuliwa jicho, akaambiwa apumzike wiki mbili. Katika wiki hizo wageni fulani walikuwa waje, watu wenye injini ya zamani iliyofufuliwa, na wao ndio wangeamua kama watatuazima. Bila injini tulikuwa na banda la kuku tu. Colin alitaka wakute angalau upande wa kushoto umekamilika, unang'aa. Jumanne nikakuta bawa la chini la kushoto limeshavikwa. Halikushonwa. Walikuwa wamepaka gundi kwenye mbavu, wakabandika kitani, wakaanza kukipaka ile dawa ya kukaza kitambaa, ambayo harufu yake kali, kama ya peremende za matunda, ilijaza karakana nzima. Kwa macho lilikuwa bawa zuri. Nikainama nikaweka kiganja upande wa chini, pale penye tumbo la kijiko, nikabonyeza. Kitambaa kikaachana na ubavu kwa sauti ndogo, kama mdomo mkavu unapofunguka. Nikajaribu ubavu wa pili, wa tatu. Ni vilevile.

"Colin," nikasema, "hiki kitatoka."

"Gundi ya siku hizi ni kali kuliko uzi," akasema.

"Imeshatoka. Njoo uguse."

Hakuja. Alikuwa anapiga msasa nguzo. "Nyambura, nashukuru kwa msaada wako wote. Lakini wageni wanakuja Jumamosi."

"Na wakishaondoka mtakishona?"

"Kikishakazwa hakiwezi kushonwa, unajua hilo. Kitakaa hivyo. Nani ataona?"

"Upepo utaona," nikamwambia. "Na huyo atakayekaa kwenye kiti kile."

Akaweka msasa chini. Akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba yeye ndiye msimamizi, kwamba mimi ni wa usafi, na kwamba vumbi la chini ya mashine halijaondolewa tangu juzi.

Nikaondoa vumbi. Usiseme sikufanya kazi yangu. Jumatano nikajaribu kumpigia mzee simu, Hansa akaniambia amelala na bandeji na daktari amekataza asisumbuliwe. Jioni hiyo nilikaa jikoni kwa Peris nikikatakata sukuma wiki, nikamweleza. Peris alikuwa amesimama akila, bado na sare ya kazi, miguu imemvimba. "Ndege ni ya nani?" akaniuliza. Nikasema ni ya chuo. "Kiti ni cha nani?" Nikasema sijui, cha rubani. "Basi rubani na chuo wataongea. Wewe barua yako inaandikwa mwezi huu. Fagia, Nyambura. Mwezi mmoja tu, fagia."

Nimewaza sana juu ya mwezi huo mmoja. Watu wanaokuambia uvumilie kidogo tu mara nyingi wanakupenda, na ndiyo maana ni vigumu kuwakataa. Lakini nilikuwa nimeona turubai la lori likipasuka nikiwa nimekaa kando ya dereva, nikajua sauti yake, na lori lile lilikuwa chini, lina magurudumu sita. Alhamisi asubuhi nilitia makasi ya Peris ya kushonea ndani ya mfuko wa fulana ya kijani. Nilimngojea Colin afike. Hilo nataka lieleweke: nilimngojea. Walikuwapo yeye na wazee watatu, wanavua makoti, birika limeanza kulia. Nikaenda kwenye bawa, nikatoboa kitambaa kwenye ncha, nikaanza kukata. Kitani kilichokazwa hulia kama ngoma kikikatwa. Colin alisema jina langu mara moja. Kisha akasimama hatua tatu kutoka kwangu, na mimi nikaendelea, ubavu baada ya ubavu, hadi kwenye kiti cha rubani. Nilipofika mwisho nilishika ukingo nikavuta, na kipande chote kikabanduka na kubaki mkononi mwangu bila kung'ang'ania popote, kama ngozi ya ndizi iliyoiva. Nikakiweka mezani upande wa gundi ukiwa juu.

"Sasa umeona," nikasema.

Kabla ya saa sita nilikuwa nimevuliwa fulana. Mtu wa kampuni ya usafi alikuja na gari dogo, akanisomea karatasi kuhusu uharibifu wa mali, akanisindikiza hadi langoni kama mwizi. Barua ya mwajiri haikuandikwa, na bila barua ile fomu za Peris hazikuwa na kazi tena. Alizitoa kwenye friji yeye mwenyewe. Hakunifukuza nyumbani, lakini kwa wiki tatu alinisemesha kuhusu takataka na bafu tu. Nilipata kazi katika kibanda cha marekebisho ya nguo sokoni Woolwich, kubadilisha zipu na kufupisha suruali, na nilizishona zipu zile kwa hasira hivi kwamba mwenye kibanda alisema hakuna mteja atakayerudi, kwa sababu hakuna zipu itakayoharibika.

Mzee Jayanti alikuja Thamesmead kwa basi, na miwani myeusi juu ya bandeji. Alipanda ghorofa nne kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa imekufa. Peris akamfungulia, akaona mzee mgeni anayehema, na heshima ikashinda hasira: akamkalisha, akamwekea chai ya maziwa, akakaanga mayai. Mzee akatoa kwenye mfuko wa plastiki kile kipande cha kitani. Alikitandaza kwenye meza ya jikoni, katikati ya vikombe, akapitisha kidole gumba kwenye mistari ya gundi.

"Angalia, mama," akamwambia Peris, si mimi. "Hii gundi nashika kitambaa. Mbao hapana shika. Hata unga ya mbao hakuna. Mtu napanda hii, nakufa."

Peris alikaa akaangalia kile kitambaa kwa muda. Kisha akaniongezea chai kikombeni, bila kuniangalia.

Mzee akaniambia nirudi Jumatatu.

"Nirudi kama nani, mzee?"

"Kama fundi."

"Imeandikwa wapi?"

Akasema Colin amekubali nije kama mtu wa kujitolea, chini ya usimamizi wake, na kazi yangu ataitilia sahihi Colin mwenyewe. Nikasema hapana. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema. Nikaeleza kwamba nilikata lile bawa mchana, mbele ya watu, na jina langu liliandikwa upesi sana kwenye karatasi ya uharibifu. Basi na mishono iandikwe vilevile, kwenye daftari jekundu, kila bawa, jina langu na sahihi yangu. La sivyo nitaendelea na zipu. Nilitegemea mzee anisihi. Badala yake alikunja kitani, akamshukuru Peris kwa mayai, akasema, "Sawa. Basi mimi pia nakaa nyumbani." Akashuka zile ngazi. Wiki mbili nzima hakukanyaga Woolwich, na michoro yote ilikuwa Stanmore chini ya kitanda chake.

Wale wageni, nilikuja kusikia, walikuwa wamekuja Jumamosi ile ile na kukuta bawa la kushoto uchi. Walizunguka wakaangalia mbavu zote zilizochongwa kwa mkono, wakasema hawajaona useremala wa namna hiyo, wakaahidi injini. Ilikuwa kazi ya Colin waliyoiona, kwa sababu nilikuwa nimeifunua. Hakuwahi kunishukuru kwa hilo, wala mimi sikuwahi kumkumbusha. Alikuja kibandani kwangu sokoni asubuhi moja ya mvua, daftari jekundu amelificha ndani ya koti. Akalifungua juu ya kaunta kati ya zipu na vifungo. Mstari wa mabawa ulikuwa umeandikwa: kitambaa na mishono, fundi, halafu nafasi tupu.

"Sikuja kuomba msamaha," akasema.

"Sikukudai msamaha."

"Ungeweza kuniambia kwa njia nyingine."

"Nilikuambia. Ukanipeleka kwenye vumbi."

Akanipa kalamu. Niliandika jina langu lote, majina matatu, herufi za kusomeka.

Miezi iliyofuata niliigawa: nusu siku zipu, nusu siku bawa. Mabawa yote manne, juu na chini, kushoto na kulia, niliyashona kwa sindano ndefu ya magodoro na uzi niliopaka nta, mtu mmoja akikaa upande wa pili kunirudishia sindano, na mara nyingi mtu huyo alikuwa Colin. Tuliongea kuhusu sindano tu. Nyuma ya rubani penye injini mzee alinionya mara kwa mara: kwenye ndege ya kusukuma, chochote kinacholegea mbele huruka nyuma na kuingia kwenye pangaboi, hata kifungo cha koti. Kwa hiyo kila nati ilifungwa waya, na mimi nikakata hata nyuzi za ziada kwenye mishono, nikameza baadhi kwa kuzikata na meno.

Tuliipeleka kwa lori, vipande vipande, hadi uwanja mmoja wa nyasi huko Kent, nje ya jiji. Rubani alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Maureen, mrefu, mwenye mikono ya mkulima. Hakusalimiana na mtu kabla ya kuizunguka ndege mara mbili. Alivuta kila waya. Alilala chali kwenye nyasi chini ya bawa la kushoto akagonga tumbo lake kwa vidole, ubavu hadi ubavu, akisikiliza. Akauliza kutoka huko chini, "Nani alishona?"

Nilimwona Colin akifungua mdomo. "Nyambura," akasema, na akaninyooshea kidole.

Asubuhi hiyo ndege iliruka juu ya nyasi kimo cha nyumba ya ghorofa moja, ikavuka uwanja kwa unyonge kama mtu anayebeba sinia lililojaa glasi, ikatua. Mzee Jayanti alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja. Hakusimama. Alikuwa anaandika kitu kwenye karatasi, na nilipomkaribia nikaona ni mistari tu, anapitisha penseli mahali pale pale.

Wiki kadhaa baadaye, ruhusa za kubeba abiria zilipotoka, Maureen alisema yeye ana utaratibu wake: aliyevika mabawa ndiye abiria wa kwanza. Alisema akiniangalia mimi. Peris alikuwa amekuja siku hiyo, amebadilishana zamu na mwenzake, amevaa koti lake zuri la kanisani uwanjani kwenye matope. Alinivuta pembeni. "Si lazima," akaniambia. "Hakuna atakayekucheka." Nikamwambia najua. Akanifunga kitambaa changu cha kichwa kwa nguvu, mafundo mawili, akapenyeza ncha ndani ya kola ili kisiruke kikaingia kwenye pangaboi, kama alivyofundishwa na mzee dakika tano kabla. Mikono yake ilikuwa baridi.

Nilikaa nyuma ya Maureen, kwenye kiti kidogo kilichoongezwa kwa ajili ya abiria, injini nyuma yangu, na hakukuwa na kitu cha kushika isipokuwa nguzo mbili. Injini ilipoguruma meno yangu yakagongana. Tulikimbia kwenye nyasi tukirukaruka, halafu kurukaruka kukakoma. Sikutazama chini. Niligeuza kichwa kushoto, kwenye bawa la chini, na nikaona upepo ukilishika. Ulikivuta kitani juu kati ya ubavu na ubavu, kikajaa kama shavu, na kila ubavu ulipokuwa, uzi ukakirudisha chini. Mstari baada ya mstari, hadi kwenye ncha, uzi ulisema hapana. Nilikuwa nalia, na machozi yalikwenda nyuma kwenye masikio. Nililitazama bawa lile muda wote tuliokuwa hewani.

Tulipotua watu walikuja mbio kwenye nyasi, Colin akiwa mbele na kamera shingoni. Akanisaidia kushuka. Akaniuliza ilikuwaje huko juu, kama uwanja ulionekana, kama mto ulionekana.

"Sijui," nikamwambia. "Nilikuwa naikagua kazi yangu."